Diski Moja, VM Mbili: Nani Anazuia Zisigongane?

Wale mlikosa kuja Jumamosi mmeniandikia sana mkitaka nirudie, basi hii hapa yote, venye niliongea hapa Kisumu mbele ya mafundi wa seva. Picha za ukutani nimeziacha.

Hamjambo jameni? Kakamega mko? Busia? Naona na wale wametoka Nakuru na gari ya asubuhi, poleni na safari, msogee mbele kuna viti.

Nianze na swali. Nani hapa ameshaunganisha diski moja kwa VM mbili, zile mashini za kuigiza ndani ya seva, na ikakubali? Inua mkono. Wengi, vizuri. Usishushe bado. Sasa wewe mwenye mkono juu, unaweza kuniambia ni nani alikuwa anazuia hizo VM mbili zisiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja? ... Ehe, mikono imeanza kushuka.

Hiyo ndiyo maneno imenileta. Kufanya diski ionekane na VM mbili ni kazi ya dakika chache, ni kutiki kisanduku tu. Lakini kile kisanduku hakileti mpangilio, kinaondoa ulinzi. Nasema tena, kinaondoa ulinzi. Mtu akitoka hapa leo na hiyo moja tu kichwani mimi nimeridhika, hayo mengine yote atayapata kwenye manyuali.

Angalieni venye mambo huwa kawaida. Ukiwasha VM kwenye VMware, ile faili ya diski yake, VMDK, inapigwa kufuli na VMFS, mfumo wa faili wa VMware. VM ingine ikijaribu kuifungua inaambiwa faili imefungwa, rudi. QEMU, ile inaendesha VM za KVM kwa Linux, nayo tangu toleo 2.10 la 2017 inafanya hivyo hivyo, ukijaribu kuwasha mashini ya pili kwa diski ile ile inakataa, inakwambia imeshindwa kupata kufuli ya kuandika. Watu wanachukia hiyo ujumbe sana! Wanaikopi wanatafuta kwa Google, wanapata mtu mahali ameandika weka multi-writer, weka shareable, weka share-rw, wanaweka, inawaka, wanashangilia. Lakini kwani ile ujumbe ilikuwa nini? Ilikuwa askari wa geti. Wewe umempea ruhusa aende nyumbani na hujaajiri mwingine.

Sasa wacha niwape kisa. Kuna chuo kimoja huku magharibi, jina nitaiacha, walitaka mfumo wa wanafunzi usizimike wakati wa usajili. Wazo zuri kabisa. Wakachukua VM mbili za Linux, wakaunda diski moja ya kushea, wakaipiga format ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, wakaimaunti, yaani wakaifungua itumike, kwa VM ya kwanza, wakaimaunti kwa ya pili. Hakuna iliyolalamika. Wakatengeneza faili kwa ya kwanza, wakaangalia kwa ya pili, haiko. Wakaona labda ni mambo ya kungoja. Wakaumaunti ile ya pili wakamaunti tena, faili ikatokea, basi wakaamini imefanya kazi, ni uvivu tu wa mtandao. Mnaona hapo? Mashini ilikuwa inawaambia ukweli mchana kweupe na wao wakaitafsiria vingine. Wakaweka mfumo, VM zote mbili zikaanza kuandika. Siku ya kurestati, fsck, ile ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ikaanza kuuliza maswali, mtu akabonyeza y, y, y, y mpaka kidole kikachoka, na folda ya lost+found ikajaa faili zenye namba badala ya majina.

Kwa nini ilitokea? Juu ext4 imeandikwa ikiamini iko peke yake duniani. XFS pia, NTFS pia. Inasoma ramani ya nafasi zilizo wazi mara moja, inaiweka kwa RAM, na kuanzia hapo inaamini ile RAM, hairudi kuuliza diski. Chukua stendi ya matatu za Kakamega. Gari moja, makanga wawili, mmoja mlango wa mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ana orodha yake ya viti kichwani na hawaongei. Huyu anauza kiti cha nne, na huyu anauza kiti cha nne. Hakuna mwizi hapo, wote wawili ni waaminifu na hesabu ya kila mmoja iko sawa kabisa ukiiangalia pekee yake. Lakini kuna abiria wawili wamekaliana.

Kwa hivyo swali la kwanza kabla hujagusa diski yoyote si "nitaiunganisha aje", ni "nani ndani ya VM atawafanya hawa makanga waongee". Na majibu yako machache tu.

Jibu moja ni mfumo wa faili ulioundwa kwa klasta, yaani mashini kadhaa zinazofanya kazi pamoja, kila moja tunaiita nodi. Kwa Linux ni GFS2 na OCFS2, zote ziliingia kernel mwaka wa 2006, OCFS2 ilitoka Oracle, GFS2 ni ya upande wa Red Hat. Hizi nodi zinaongea kupitia meneja wa kufuli anaitwa DLM, kabla nodi iguse faili inaomba kufuli kwa wenzake, na kila nodi ina jono yake, daftari ya kuandikia mabadiliko. Ndio maana ukiunda GFS2 unaambiwa useme jono ni ngapi, ile -j 2, ukiweka mbili nodi ya tatu haitaweza kumaunti mpaka uongeze. Jibu lingine ni kuacha ext4 ama XFS yako lakini uhakikishe ni nodi moja tu inaimaunti kwa wakati, Pacemaker, programu ya kuendesha klasta, ndiyo inasimamia, nodi moja ikifa nyingine inachukua. Mimi naipenda hii kuliko GFS2, niseme ukweli, juu kazi nyingi tunazofanya huku hazihitaji kuandika pande mbili kwa wakati mmoja, zinahitaji tu mtu asipigiwe simu usiku. Halafu kuna programu zinazojipanga zenyewe, kama hifadhidata ya Oracle RAC na ASM yake, hiyo haitaki mfumo wa faili wako hata. Na Windows iko na Failover Cluster, diski inashikwa na nodi moja, ama unaigeuza kuwa Cluster Shared Volume kwa kazi zinazoiunga mkono.

Nje ya hizo? Hakuna. Ukiona mtu anakwambia "mimi huwa namaunti moja iwe ya kusoma tu", mwambie hata ile ya kusoma itasoma uongo, juu ramani yake ya RAM ni ya zamani na mwenzake anaendelea kuhamisha vitu.

Haya, tuingie kwa kuunganisha kwenyewe. Hapa nitaenda mbio kidogo, kila mtu ana haipavaiza yake, yaani programu inayoendesha VM.

Kwa wanafunzi mko na VirtualBox kwa laptop: diski ya kushea lazima iwe ya ukubwa usiobadilika. Ile inayokua kidogo kidogo haikubaliki. Unaiunda kwa VBoxManage createmedium ukiweka --variant Fixed, halafu unaigeuza kwa VBoxManage modifymedium na --type shareable, ndipo unaiunganisha kwa mashini zote mbili. Ukisahau Fixed itakukatalia na utaanza kulaumu laptop bure.

Wa KVM: kwa XML ya diski unaweka <shareable/>, unaweka cache='none', na faili iwe raw. Si qcow2! Nani ataniambia kwa nini si qcow2? ... Sawasawa, dada pale nyuma amepata. Qcow2 yenyewe ina majedwali yake ya ndani, na kila QEMU inashika nakala yake kwa RAM, kwa hivyo hata kama ndani umeweka GFS2 safi kabisa, huku nje chini yake kuna makanga wengine wawili wanagombana. Libvirt yenyewe inakataa siku hizi. Na hiyo cache='none' ni kwa sababu hosti zikiwa mbili tofauti, hosti moja isibaki na data kwa RAM yake huku nyingine inasoma diski ambayo hiyo data haijafika.

Wa VMware: kama ni Oracle RAC ama klasta ya Linux, diski iwe thick ya eager zeroed, yaani iandikwe sufuri yote mwanzoni, iwekwe kwa kontrola yake tofauti ya SCSI, si ile ya diski ya kubutia, na upande wa sharing uchague multi-writer huku bus sharing ikibaki None. Hapo ndipo watu huchanganya, wanaweka zote mbili. Bus sharing ya Physical ni ya Windows Failover Cluster ambayo nodi zake ziko hosti tofauti, na hiyo kwa miaka mingi ilitaka RDM, yaani LUN, diski inayotolewa na storeji, ipitishwe moja kwa moja mpaka ndani ya VM. Kuanzia vSphere 7 ya 2020 unaweza kutumia VMDK ya kawaida kwa klasta ya Windows, lakini soma masharti kwanza, ilianza na storeji za Fibre Channel. Sababu ya usumbufu wote ni kwamba Windows inataka riziveshoni za SCSI-3, ule uwezo wa nodi kuiambia storeji yenyewe "hii diski ni yangu, fulani asiandike", na storeji itii. Hyper-V ya Microsoft walitatua ya kwao kwa VHDX ya kushea kwenye Windows Server 2012 R2, wakairekebisha 2016 kwa VHD Set, faili ya .vhds.

Na kuna njia inafanya kazi karibu kila mahali, ile napendekeza kwa mtu anajifunza: unatengeneza VM ya tatu, unaiweka programu ya targetcli, inagawa diski kwa iSCSI, njia ya kupitisha diski kwa mtandao, kupitia poti 3260, na zile nodi mbili zinaiunganisha kutoka ndani. Haipavaiza haijui chochote, hakuna kisanduku cha kutiki. Na riziveshoni za SCSI-3 unazipata, kitu ambacho diski ya VirtualBox haikupatii, ndio maana ukijaribu klasta ya Windows kwa diski ya VirtualBox ile validesheni inakutoa mbio.

Lakini iSCSI ina mtego wake, na hii ni ya jamaa mmoja wa Nakuru, alinipea ruhusa nisimulie bila jina. Alitengeneza nodi ya kwanza vizuri, akaikloni ikawa ya pili, akabadilisha jina la hosti na IP, kila kitu. Diski ikawa inaonekana, inapotea, inaonekana, inapotea. Nodi ya kwanza ikiwa sawa ya pili inakatika, ya pili ikirudi ya kwanza inakatika. Akabadilisha swichi. Akabadilisha kebo. Akaanza kushuku storeji. Shida ilikuwa wapi? Faili moja ndogo, /etc/iscsi/initiatorname.iscsi. Kukloni kulikopi hata kitambulisho, kwa hivyo mbele ya storeji nodi zote mbili zilikuwa mtu mmoja, na kila mara "yule mtu" akiingia upya storeji inafunga kikao chake cha zamani. Alibadilisha mstari mmoja ikatulia. Ukikloni VM angalia hiyo, na uangalie pia /etc/machine-id.

Bado kwa mambo ya majina: usiandike /dev/sdb mahali popote kwa konfigi ya klasta. Leo ni sdb, kesho ukiongeza diski ni sdc, na kwa nodi ya pili pengine haijawahi kuwa sdb. Tumia /dev/disk/by-id. Kwa VMware weka disk.EnableUUID iwe TRUE ndiyo VM ione kitambulisho cha diski, kwa KVM ipe diski serial mwenyewe.

Sasa nafika mahali nataka mniskize kabisa, hata mwenye simu aiweke chini.

Diski iko sawa, mfumo wa faili ni ule wa klasta ama Pacemaker inasimamia, nodi zinaongea. Swali: zikiacha kuongea? Si kufa, nimesema kuacha kuongea. Nodi ya pili haisikii ya kwanza. Itajuaje kama mwenzake amekufa ama ni kebo imetoka? Haiwezi kujua. Nasema tena, haiwezi kujua! Kimya cha maiti na kimya cha aliyekatiwa mtandao ni kimoja.

Kuna kliniki fulani, si hapa mjini, walikuwa na klasta ya nodi mbili na storeji moja ya pembeni, hifadhidata ya wagonjwa. Fundi aliyeweka alifuata maelezo fulani mtandaoni, na mnajua yale maelezo, karibu yote mstari wa tatu ama wa nne unasema pcs property set stonith-enabled=false, yaani zima ile kazi ya kuua nodi iliyonyamaza. Juu bila hiyo Pacemaker inakataa kuanzisha huduma, inataka umwambie venye itamuua mwenzake. Tena ile askari wa geti, tena amefukuzwa! Halafu seva zilikuwa kwa UPS, storeji kwa UPS, lakini ile swichi ndogo ya katikati, ile ya nodi kusikilizana, ilichomekwa kwa soketi ya kawaida ukutani pamoja na dispensa ya maji. Stima ikapotea. Seva ziko hai, storeji iko hai, swichi imezima. Nodi ya pili ikasema mwenzangu amekufa, nachukua kazi. Ikamaunti XFS ile ile ambayo nodi ya kwanza ilikuwa bado inaandikia. Jenereta ilipowaka swichi ikarudi, nodi zikaonana tena, na kila moja ikadai yeye ndiye alikuwa kazini. Zote zilisema ukweli. Walirudi kwa nakala ya usiku uliopita, na risiti za mchana mzima wakaziingiza kwa mkono kutoka kwa karatasi.

Dawa ni nini? Ni kufensi. Nodi inayotaka kuchukua diski haiulizi kama mwenzake amekufa, inahakikisha amekufa, inamzima kwanza, ikipata jibu kwamba amezimwa ndipo inaguza diski. Kwa VM hii ni rahisi kuliko kwa seva za chuma, juu haipavaiza yenyewe inaweza kuzima mashini: kuna fence_vmware_rest, kuna fence_xvm na fence_virsh za KVM. Ama unatumia storeji, fence_scsi inamnyang'anya mwenzake ile riziveshoni kwa hivyo hata akiwa hai kuandika kwake kunakataliwa. Ama SBD, kipande kidogo cha diski ya kushea ambapo nodi inaachiwa ujumbe wa kujiua, na inahitaji watchdog ya kuaminika, kile kipima muda cha kurestati mashini ikikwama. Chagua moja, lakini uchague.

Pamoja na hiyo kuna akidi, yaani nodi zilizo wengi ndizo zinaendelea na kazi. Nodi tatu, wawili wakionana wana akidi, yule wa peke yake anaacha kazi. Nodi mbili je? Nusu si wengi. Corosync, ile inafanya nodi zisikilizane, ina two_node: 1 ya kuruhusu moja iendelee, na ikiwekwa inawasha yenyewe wait_for_all, yaani klasta ikianza kutoka kuzimwa kabisa inangoja zote mbili zionane kwanza, lakini hiyo mnaweza kuitegemea tu kama kufensi kunafanya kazi, kinyume cha hapo umerudi kwa ile kliniki. Bora uweke shahidi wa tatu, qdevice, hata mashini dhaifu kabisa chumba kingine. Windows nayo ina shahidi wake, diski ama folda ya mtandao, na tangu 2016 hata wingu.

Na tafadhali, hizo nodi mbili zisikae hosti moja. Nacheka lakini nimeziona! Mtu ana klasta ya VM mbili, zote ziko seva moja ya chuma. Weka ile kanuni ya kuzitenganisha, usiache haipavaiza iamue.

Kijana hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, kama yote haya ni kazi hivi, kwani ni lazima? Swali zuri, na jibu langu ni kwamba mara nyingi si lazima. Diski ya kushea ni diski moja. Ile storeji ikifa, nodi zako mbili zitabaki zinaangaliana. Kama una PostgreSQL, ina replikesheni yake ya kutiririsha, yaani kukopi mabadiliko kwa nodi nyingine, tangu 9.0 ya 2010, kila nodi na diski yake. MariaDB ina Galera ya kazi kama hiyo. Ukitaka diski lakini huna storeji ya maana kuna DRBD inakopi bloku kwa bloku kupitia mtandao. SACCO ndogo yenye seva mbili na swichi moja, mimi ningeanza na moja ya hizo, si na GFS2. Diski ya kushea ichukue pale programu yenyewe inaitaka, Oracle RAC, SQL Server ya Failover Cluster, ama mfumo wa zamani ambao hauwezi kujirepliketi na hakuna mtu wa kuuandika upya.

Kabla ya maabara nijibu swali la mama wa Kakamega, kama VM yenye diski ya kushea inaweza kupigwa snepshoti, yaani kuhifadhi hali yake ya sasa uirudie baadaye, juu nimeona wengi mmeliandika. Kwa VMware, VM yenye diski ya multi-writer haikubali snepshoti, kwa hivyo zile programu za bekapu zinazotegemea snepshoti zitaruka hiyo diski ama zifeli, na ukisoma ripoti haraka utaona kijani tu. Chukua bekapu kutoka ndani ya VM, kwa RMAN ya Oracle, kwa pg_basebackup ya PostgreSQL, kwa ajenti ya bekapu. VHD Set ya Hyper-V inaweza kubekapiwa kutoka hosti, hiyo ni moja ya sababu waliitengeneza. VirtualBox ndiyo mtachezea leo na ndiyo ina hatari ya kimyakimya: itakuruhusu kupiga snepshoti, lakini diski ya kushea haimo ndani yake. Ukirudisha snepshoti ya nodi iliyokuwa inakimbia, nodi inarudi na RAM ya jana ikiamini ramani ya jana, na diski ni ya leo. Kwa hivyo leo tukicheza: mnazima nodi zote mbili, mnakopi faili ya diski ikiwa imezimwa, mnapiga snepshoti za nodi zikiwa zimezimwa, halafu mnawasha. Wenye laptop za RAM ya gigabaiti 8 msizidishe nodi mbili na ile ya iSCSI, na kila nodi mpatie gigabaiti moja itatosha.